Anime kwenda gemu, gemu kwenda anime: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya maswali ya anime (katuni za Kijapani) zinazotoka kwenye gemu, na gemu zinazotoka kwenye anime, nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeanza kukopi majibu yangu mwenyewe, kwa hiyo nimeamua niyaweke sehemu moja. Spoila kubwa (yaani kukufichulia siri za stori) nimezikwepa, ndogo ndogo zipo, na sehemu yenye hatari nitakuambia mapema uruke.

## Ya mwanzo mwanzo

Kipi kinatangulia, anime au gemu?

Hamna sheria. Pokémon ilianza kama gemu ya Game Boy kule Japani mwaka 1996, anime ikafuata Aprili 1997, ila ukiuliza watu kumi, tisa watakwambia ilianza anime kwa sababu ndo walichokiona kwanza kwenye TV. Dragon Ball ni kinyume, ilianza manga (vibonzo vya kusoma vya Kijapani) mwaka 1984, ikaja anime 1986, halafu gemu zikamiminika na hazijakoma mpaka leo.

Kinachowachanganya wengi ni yale mazoea ya kudhani kila anime imetoka kwenye manga. Sio kweli. Steins;Gate ni gemu ya 2009, anime yake ni 2011. Fate/stay night ni gemu ya 2004. Clannad nayo ni gemu ya 2004, anime 2007. Danganronpa gemu 2010, anime 2013. Hizi nyingi ni zile gemu za kusoma, yaani unasoma maandishi huku picha na sauti zinabadilika, na kila baada ya muda unaulizwa uchague nini. Kuna ambazo unakaa nazo masaa 30 au 50 na mkono wako unabonyeza kitufe kimoja tu.

Sword Art Online ilitoka kwenye gemu gani?

Haikutoka kwenye gemu yoyote. Najua inashangaza, maana stori yenyewe ni ya watu waliokwama ndani ya gemu, kuna levo, kuna maboss, kuna kila kitu, ila ni riwaya ya Reki Kawahara aliyoanza kuiweka mtandaoni mwaka 2002, ikachapishwa rasmi 2009, anime ikaja 2012. Ile gemu ya ndani ya stori haikuwahi kuwepo.

Gemu za kweli za SAO zimekuja baada ya anime, na ya kwanza, Infinity Moment ya PSP (2013), ilifanya kitu kizuri: ilichukua pale ambapo kwenye anime watu wanatoka kwenye ghorofa ya 75, ikasema hapana, hawakutoka, wanaendelea kupanda mpaka ya 100. Kwa hiyo unacheza stori ambayo kwenye anime haikutokea. Huo ujanja nitaurudia chini kwenye swali la kurudia stori.

Arcane na Castlevania ni anime au sio anime?

Arcane imetengenezwa na Fortiche ya Ufaransa kutoka kwenye League of Legends, Castlevania ya 2017 imetengenezwa na Powerhouse ya Marekani kutoka kwenye gemu za Konami. Kama kwako anime lazima itoke Japani basi sio. Kwa mada yetu hapa haijalishi hata kidogo, zote mbili zimevuka kutoka kwenye pedi kwenda kwenye skrini na zimevuka vizuri, kwa hiyo nazihesabu. Wanaotaka kugombana wakagombane kwingine.

Niangalie anime kwanza au nicheze gemu kwanza?

Jiulize siri ya stori imefichwa wapi. Kama imefichwa kwenye vitendo vyako mwenyewe, yaani wewe ndo unachagua, unakosea, unarudi nyuma, basi anza na gemu, maana ukishaangalia anime ile siri imekwisha na hairudi. NieR: Automata, Danganronpa na Steins;Gate zinaingia hapa. Danganronpa hasa ni stori ya kesi za mauaji ambazo unatakiwa wewe uzitegue, sasa ukishamjua muuaji kutoka kwenye anime ya epsodi 13, unarudi kwenye gemu kufanya nini?

Kama anime ina watu wengine kabisa ila dunia ni ile ile, anza na yoyote. Cyberpunk: Edgerunners iko hivo. Kama gemu ndo inasimulia upya anime, kama Dragon Ball Z: Kakarot au The Hinokami Chronicles ya Demon Slayer, anza na anime, kwa sababu gemu inakimbiza stori ikiamini unaijua tayari.

Na kama huna muda wa kucheza gemu ya masaa 80, angalia anime na usione aibu, hakuna mtihani.

## Gemu ikigeuka anime

Kwanini anime inaruka vitu vingi hivyo?

Piga hesabu. Epsodi moja ukitoa wimbo wa mwanzo na wa mwisho unabaki na dakika 20 na kitu. Mkupuo mmoja wa kurushwa hewani ni epsodi 12 au 13, miezi mitatu hivi. Persona 5 the Animation ilipewa epsodi 26, sawa na masaa tisa na ushee. Gemu yenyewe watu wengi wanaimaliza kwa masaa kama 100. Sasa wewe ndo umepewa mkasi, utakata nini?

Watu wanalalamika kwamba mapigano yamekatwa ila hayo kiukweli ni rahisi kukata, maana kwenye gemu unapigana na kidudu kile kile mara mia mbili, kwenye anime mara moja inatosha. Kinachouma ni ule muda wa kawaida. Kwenye Persona unakaa na rafiki yako mlo baada ya mlo, unatoka shule unaamua leo niende kusoma au nikamwone fulani, na kile kukaa tu ndo kinafanya ukifika mwisho uwe unawapenda. Anime ikikata hapo unabaki na matukio makubwa ya watu usiowajua vizuri.

Steringi wa gemu haongei kabisa, kwenye anime wanafanyaje?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Kwenye Persona 4 (2008) steringi hana jina, unampa wewe, na haongei, unachagua jibu tu kwenye orodha. Mimi nilimpa jina langu, nikacheza naye masaa tisini, nikawa najiona ni mimi. Halafu 2011 ikaja anime, nikakuta anaitwa Yu Narukami, ana sauti, ana uso wa mtu asiyeshtuka na chochote.

Siku ya kwanza nilikasirika. Epsodi ya tatu nikawa nacheka peke yangu. Walichofanya ni hiki: kwenye gemu, kwa kuwa jamaa haongei, wachezaji tunapenda kuchagua jibu la kijinga kuliko yote tuone litatokea nini. Waandishi wa anime wakaligeuza hilo likawa tabia yake, yaani ni mtu anayesema vitu vya ajabu kabisa huku sura yake imetulia kama anataja saa. Na katikati ya kila epsodi, pale panapokatiwa matangazo, wanaonyesha chati yake ya sifa, ujasiri, elimu, bidii, kuelewa watu, kujieleza, na unaona zimepanda kulingana na alichofanya kwenye epsodi. Sekunde chache tu, ila aliyecheza anajua kabisa ile ni nini.

Jina likashika hadi gemu zilizofuata, Persona 4 Arena ya 2012 ilimwita Yu Narukami. Anime imemgeuza mtu wa gemu yake yenyewe. Kwenye swali la Pikachu hapo chini utaona sio mara ya kwanza.

Gemu ina miisho mingi, anime inachagua upi?

Kuna njia kama nne na kila moja ina maumivu yake.

Ya kwanza, chagua moja na usonge mbele. Steins;Gate inaenda moja kwa moja kwenye mwisho wa kweli. Kwenye gemu huo mwisho unaupata kwa simu: hakuna menyu ya kawaida ya kuchagua, kuna meseji zinaingia kwenye simu ya Okabe, steringi wake, baadhi ya maneno yamepigiwa rangi, unachagua neno la kujibia au unaipotezea. Ukipuuza meseji za mtu fulani mapema, masaa ishirini baadaye mlango umefungwa na hujui kwanini. Anime haina hiyo, ila ina mtu anayeshika simu kwa hofu karibu kila epsodi, na nadhani wamejitahidi.

Ya pili, changanya. Anime ya kwanza ya Fate (2006, Studio Deen) ilifuata njia moja ila ikachomekea vipande vya nyingine, na mashabiki mpaka leo wanaisema.

Ya tatu, tengeneza zote. Fate tena, swali linalofuata.

Ya nne ni ya NieR: Automata (ruka aya hii kama hujacheza). Gemu ina miisho 26, moja kwa kila herufi kuanzia A mpaka Z, na mingi ni utani, kwa mfano kuna samaki ukimla tu unakufa na gemu inaisha hapo hapo, majina ya watengenezaji yanaanza kupanda. Anime ya 2023 ingeweza kuisahau hiyo kabisa. Badala yake mwisho wa epsodi wanaweka tamthilia ya vikaragosi, 2B (steringi wa gemu) na Pod wake (roboti msaidizi) wanaigiza ile miisho ya kijinga mmoja baada ya mwingine. Dakika moja hivi, halafu inaisha. Kile kicheko cha mchezaji aliyekula samaki kwa udadisi kimepatiwa mahali pa kukaa.

Kuna na kesi ya Dragon Quest V, ambako unachagua wa kumuoa, Bianca au Flora, na watu wamegombana juu ya hilo tangu miaka ya tisini. Filamu ya 2019, Dragon Quest: Your Story, ilibidi imchague mmoja, lakini cha kushangaza sio hilo lililowaudhi watu, ni dakika za mwisho mwisho. Sisemi zaidi.

Sasa Fate niangalie kwa mpangilio gani?

Gemu ya 2004 ina njia tatu na inakulazimisha uzipite kwa mpangilio: Fate, halafu Unlimited Blade Works, halafu Heaven's Feel. Wahusika ni wale wale, vita ni ile ile, ila kila njia inafungua siri ambayo ya nyuma iliificha. Kwa hiyo mpangilio unaofuata gemu ni anime ya 2006 kwa njia ya kwanza, kisha Unlimited Blade Works ya studio ya ufotable ya 2014 na 2015, kisha filamu tatu za Heaven's Feel (2017, 2019, 2020).

Fate/Zero ni ya matukio ya nyuma ila imetoka kwenye riwaya iliyoandikwa baadaye kwa watu walioshamaliza gemu. Ukianza nayo utaielewa, ila itakuwa imekuchomea siri za Heaven's Feel. Wengi wanaanza nayo kwa sababu ni nzuri machoni. Mimi nasema iache mwisho.

Kwanini Pikachu alimweza Onix wakati umeme haufanyi kazi kwa Pokémon wa ardhini?

Kwenye gemu ni sifuri kabisa, unabonyeza, unaambiwa haina athari. Na steringi wa anime, Ash, amepewa Pikachu, na gimu ya kwanza (ukumbi wa kupigania beji) ni ya Brock mwenye Pokémon wa mawe na ardhi, Onix akiwemo. Waandishi walijiwekea mtego wenyewe.

Walivyotoka: kwanza Ash anapigwa kirahisi, kama ambavyo wewe ungepigwa. Akarudi, Pikachu kaongezewa umeme, bado Onix anamkaba, halafu cheche zikawasha moto kwenye ukumbi, vinyunyizio vya maji vya kwenye dari vikafunguka, Onix akalowa, na jiwe lililolowa likaanza kusikia umeme. Mwenye kucheza gemu anapiga kelele kwamba huo ni wizi, lakini ukifikiria, kwenye gemu kweli maji ni sumu kwa Onix. Wamechukua kanuni moja ya gemu wakavunjia nyingine. Na Ash hata hakumalizia, alikataa kushinda kwa bahati, beji akapewa baadaye.

Utamu ni kilichofuata. Mwaka 1998 ikaja Pokémon Yellow, gemu iliyotengenezwa kufuata anime: unaanza na Pikachu anayekufuata nyuma, Jessie na James, wale maadui wa kwenye anime, wamo, na wale watatu wa mwanzo, Bulbasaur, Charmander na Squirtle, unawapata wote njiani kama Ash. Sasa mtego ukahamia kwa mchezaji, maana vinyunyizio kwenye gemu hamna! Ndo maana Yellow wameweka Mankey karibu na mwanzo, ili uwe na mtu wa kumpiga Brock.

Ni kweli anime inaweza kufufua gemu?

Inaweza. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na makosa ya kiufundi mpaka Sony wakaiondoa kwenye duka la PlayStation kwa miezi. CD Projekt Red wakaendelea kuirekebisha kimya kimya. Septemba 2022 ikaja Edgerunners ya Studio Trigger, epsodi 10, na ndani ya wiki gemu ikavuka wachezaji milioni moja kwa siku.

Ila usisahau mpangilio: gemu ilikuwa imesharekebishwa kwanza. Apdeti ya 1.6 ilitoka siku chache kabla ya anime, ikiwa na koti la njano la David, steringi wa anime, ndani yake, unalivaa na kuzurura. Anime ilirudisha watu, lakini waliporudi walikuta nyumba imefagiliwa. Gemu ambayo bado mbovu hata ukiitengenezea anime nzuri kiasi gani watu watachungulia na kuondoka.

Na V, ambaye ni steringi wa gemu, hayupo kabisa. Stori ni ya mwaka mmoja kabla, ya kijana mwingine, kwa hiyo swali la "V wangu ni mwanamke, kwanini wa anime ni mwanaume" halikupata pa kutokea. Mimi hii naiona ndo njia salama kuliko zote kama gemu yako inamruhusu mchezaji ajitengeneze mwenyewe.

Mbona nyingine zinaboa hata kama zimefuata gemu neno kwa neno?

Kwa sababu zimefuata maneno. Ukicheza, unachokumbuka mara nyingi sio tukio, ni ulichofanya: ulivyoishiwa dawa kwenye pango, ulivyomkwepa bosi mara ya kumi na tano ukamjua pumzi zake, ulivyosimama dakika tano mbele ya machaguo mawili. Anime inayobeba matukio bila kutafuta kitu cha kujaza nafasi ya ule mkono inakuwa kama mtu anakusimulia mechi ambayo ulicheza mwenyewe.

Rudi uangalie mifano ya juu, ile inayopendwa yote imeweka kitu kwenye nafasi hiyo, chati ya Persona, vikaragosi vya NieR, vinyunyizio vya Brock. Vitu vidogo kabisa. Na inayoboa utaijua kwa dalili moja: mhusika anatumia shambulio maarufu la kwenye gemu, kamera inalizungushia, jina la shambulio linatajwa kwa sauti, na wewe hujali kwa sababu hakuna chochote ambacho angepoteza kama lisingefanya kazi.

## Anime ikigeuka gemu

Kwanini karibu zote ni za kupigana?

Kwa sababu anime zinazouza sana zimejaa mapigano, na gemu ya kupigana haihitaji uandike stori upya, unahitaji wahusika wengi wanaopendwa na mashambulio yao. Pia ratiba. Gemu inatakiwa itoke wakati anime bado iko moto, na kujenga uwanja wa wazi wenye watu wawili wanaorushiana moto ni haraka kuliko kujenga dunia nzima.

Sio kwamba ni mbaya. Dragon Ball FighterZ ya Arc System Works (2018) inaheshimika hata na watu wasioijua Dragon Ball. Ila ninayoipenda kwa mada hii ni ile ya Attack on Titan ya Omega Force (2016), kwa sababu walianza na swali la mwili: kuruka na zile kamba ambazo askari wanatumia kuwafikia Titan, yale majitu yanayokula watu, kunahisije? Unafyatua ndoano, unaigandisha kwenye kiungo cha Titan, unajivuta, unakata mguu kwanza aanguke au unaenda shingoni moja kwa moja, gesi inapungua, visu vinabutuka, unamtafuta mwenzako wa kukuongezea. Stori ni ile ile ya anime, hakuna jipya, lakini hofu ya kuishiwa gesi angani anime haikuwahi kukupa.

Nimechoka kumpiga Frieza, yule adui wa Dragon Ball. Kwanini kila gemu inarudia stori ile ile?

Kwa sababu kila gemu kuna mtu anaingia kwa mara ya kwanza, na kwa sababu mwenye stori mara nyingi haruhusu uiguse. Ila wapo waliopata pa kupitia.

Dragon Ball Xenoverse (2015) inakupa mhusika wako mwenyewe, polisi anayelinda wakati, historia imeharibiwa na unatumwa kuirekebisha. Kwa hiyo Frieza unampiga tena, lakini sababu ni nyingine. A.O.T. 2 (Attack on Titan ya pili) nayo inakupa askari wako anayetembea pembeni ya stori rasmi. SAO nimeieleza juu, inatoka njia kuu kwenye kona moja. Na Kakarot (2020) inarudia yote tangu Raditz, adui wa kwanza wa Dragon Ball Z, sawa, lakini katikati inakuachia Goku avue samaki, apike, amtembelee mtu, na kuna misheni za pembeni za watu ambao anime iliwasahau. Nilidhani nitaziruka zile. Nimekaa kwenye uvuvi kuliko kwenye kupigana na Cell, adui mwingine mkubwa.

Kuna gemu iliyowahi kuonyesha mwisho kabla ya anime?

Ipo. Manga ya Naruto iliisha Novemba 2014. Ultimate Ninja Storm 4 ilitoka Februari 2016 ikiwa na pambano la mwisho la Naruto na Sasuke, anime ikalionyesha Septemba mwaka huo. Kwa miezi kadhaa, asiyesoma manga aliyetaka kuliona likitembea na kutoa sauti ilibidi alicheze.

Yanayotokea kwenye gemu yanahesabika kwenye stori rasmi?

Kwa kawaida hapana, hata kama mwenye stori ameshiriki. Akira Toriyama alimchora Android 21 wa FighterZ na Bonyu wa Kakarot, ila hiyo haiwafanyi wawepo kwenye anime. Danganronpa ni kisa kingine, kipo chini.

Mbona kwenye gemu za Dragon Ball Krillin, ambaye kwenye anime ni dhaifu, anampiga mtu mwenye nguvu za kimungu?

Kwa sababu ukilipia gemu halafu mhusika wako kipenzi afe kwa ngumi moja kila mara, utairudisha. Gemu inahitaji usawa, anime inahitaji ngazi. FighterZ imelimaliza vizuri: Krillin pale anarusha mawe, anampa mwenzake senzu (harage la kuponya) apone, anadanganya, anakimbia. Anashinda kama Krillin.

Kwanini gemu fulani imeondolewa madukani?

Leseni. Aliyetengeneza gemu amekodi wahusika kwa muda, na muda ukiisha hawezi kuuza tena. Jump Force ilitoka Februari 2019, ikaondolewa kuuzwa Februari 2022, na seva za kucheza mtandaoni zikazimwa Agosti mwaka huo huo. Ilikuwa na wahusika wa manga nyingi tofauti. Kama unaitaka gemu ya namna hiyo usingoje sana.

## Kesi za utata

Ipo stori iliyotengenezwa kwa gemu na anime kwa pamoja tangu mwanzo?

.hack, na mpaka leo sijaona waliothubutu zaidi. Mwaka 2002, Aprili ikaanza anime ya .hack//Sign, Juni ikatoka gemu ya kwanza kati ya nne za PlayStation 2, zote zinahusu gemu moja ya kubuni ya mtandaoni inayoitwa The World. Na kila gemu ilikuja na DVD ya anime nyingine ndani ya boksi, Liminality, inayoonyesha kinachotokea kwa watu nje ya ile gemu. Ukiwasha gemu hukutani na stori, unakutana na skrini ya kompyuta, una barua pepe, una habari, halafu ndo unaingia kwenye The World kucheza na watu ambao kumbe wote ni kompyuta. Ukiwa na sehemu moja tu una robo ya picha.

Anime ya Uma Musume ilitoka kabla ya gemu, sasa ni anime ya gemu kweli?

Ni ya gemu. Gemu ilichelewa tu. Anime ikarushwa 2018 kama ilivyopangwa, gemu ikafika Februari 2021, na kwa miaka karibu mitatu anime ikawa inatangaza kitu ambacho hakipo.

Kwanini Fate/Grand Order: Babylonia inaanzia katikati?

Gemu za simu za kubahatisha wahusika haziishi, zinaongezewa sura kila mara, na Babylonia ni sura ya saba. Waliichagua kwa kuwa wachezaji waliipenda. Kama hujacheza, tafuta kwanza ile epsodi maalum ya First Order ya 2016, itakupa mwanga kidogo. Kidogo.

Danganronpa 3 ni gemu au anime?

Anime tupu, ya 2016, na ndo mwisho rasmi wa stori ya gemu mbili za kwanza. Usiianze kabla ya kucheza hizo. Kuna na gemu inaitwa Danganronpa V3, hiyo ni nyingine, namba zimewachanganya watu wote sio wewe peke yako.

Ipo iliyoenda na kurudi?

Steins;Gate: gemu, ikawa anime, halafu 2018 ikatoka Steins;Gate Elite, gemu ile ile ila picha zake ni vipande vya anime. Adventure of Dai imezunguka zaidi: gemu za Dragon Quest zikazaa manga 1989, manga ikazaa anime 1991 na nyingine ya epsodi 100 kuanzia 2020, na anime hiyo ikazaa gemu ya Infinity Strash mwaka 2023. Sehemu kubwa ya stori kwenye Infinity Strash wameisimulia kwa picha zilizoganda za anime, sauti juu yake. Unakaa umeshika pedi, unaangalia picha.

Nataka kuandika stori ya anime kutoka kwenye gemu ninayoipenda, nianzie wapi?

Usianze na muhtasari wa stori. Cheza saa moja, na pembeni andika kila kitu ambacho mkono wako umefanya ambacho mtu anayekuangalia kwa nyuma hawezi kukihisi. Juzi nimefanya hivyo na gemu moja ya mapango, kwenye karatasi nikajikuta nimeandika "nimehesabu dawa" mara tisa. Basi epsodi yangu ya kwanza inaanza na msichana amekaa kwenye ngazi za pango anahesabu chupa, anafika nne, anarudia kuhesabu.